Kalunguyeye, Ngiri na Rangi ya Ndani

"Wenye nyumba!"

"Tumo!"

"Mlango je?"

"U wazi!"

"Niingie na uongo wangu?"

"Ingia nao, ila viatu vua!"

Haya, nimevua. Sogeeni hapa barazani. Mwenye kunde za kupukuchua apukuchue, masikio yenu hayana kazi nyingine. Na wewe Kidawa, nakuona unavyotazama ukuta wangu huku umebana mdomo. Cheka tu, wifi yangu, usije ukapasuka. Ndiyo, nyumba yangu ina rangi ya ufizi. Najua. Mtaa mzima unajua. Wageni wakielekezwa njia huambiwa, "Ukifika nyumba ya ufizi, pinda kushoto." Rangi hii niliichagua mwenyewe dukani, mchana kweupe, kwa macho yangu haya mawili, na nikamwambia muuzaji, "Hiyo hiyo, usinibadilishie." Kwa hiyo leo nikiwasimulia habari za kuchagua rangi, jueni mnasimuliwa na bingwa.

Basi hapo kale, katika Bonde la Mtopetope, palikuwa na Kalunguyeye. Mnamjua. Mdogo wa kuenea kiganjani, mgongoni miiba, tumboni laini, akishtuka anajikunja anakuwa mpira. Mwili ndio huo tu. Lakini maneno! Na Kalunguyeye huyo akajenga nyumba, tena si nyumba ya kipimo chake. Akajenga vyumba vitatu na sebule, mlango mpana, baraza mbele.

Mkewe akamuuliza, "Mume wangu, vyumba vitatu vya nini, na sisi tukilala tunaenea ndani ya kofia?"

"Vya wageni."

"Wageni gani?"

"Watakaokuja."

Na kweli mgeni alikuja. Subirini, mtamsikia.

Kuta zikasimama. Zikasiribwa kwa udongo mwekundu, zikakauka vizuri. Ikabaki rangi. Sasa Kalunguyeye akafanya kosa ambalo mimi nimelifanya mara tatu: akaenda kuuliza watu.

Akaenda kwa Kunguru. "Kunguru jirani yangu, nipake rangi gani?"

"Nyeusi," akasema Kunguru, "na kola nyeupe. Ndiyo heshima."

Kalunguyeye akarudi, akapaka kiraka cheusi ukutani, swa!

Akaenda kwa Chiriku. "Chiriku jirani yangu, nipake rangi gani?"

"Manjano! Manjano tupu!"

Akarudi, akapaka kiraka cha manjano, swa!

Akaenda kwa Kanga. "Kanga jirani yangu, nipake rangi gani?"

"Nyeusi yenye madoa meupe. Tena madoa yawe mengi, usinifanyie ubahili."

Akarudi, akapaka madoa, to, to, to, mpaka mkono ukamuuma.

Akaenda kwa Nyani. "Nyani jirani yangu, nipake rangi gani?"

Nyani akafikiri. Akajikuna. Akasema, "Nyekundu. Lakini kwa nyuma tu."

Mnaona? Kila mtu alishauri rangi yake. Na mimi siwacheki, maana nimewahi kununua mapazia ya nyumba nzima kwa sababu yalifanana na gauni nililokuwa nimevaa siku hiyo. Gauni lilichanika mwaka uleule. Mapazia bado yapo.

Mwisho mke wa Kalunguyeye akachoka. Akasema, "Sikiliza. Nje chagua wewe, maana nje ni ya wapita njia. Ndani nitachagua mimi, maana ndani ndiko ninakokaa."

Kalunguyeye akachanganya chokaa na nili, ile ya kufulia nguo nyeupe, akapaka nje yote. Ikawa buluu nzuri ya kutuliza macho, na viraka vyote vikafunikwa. Kisha akageuka akasema, "Na ndani tupake manjano."

"Ndani nimesema nachagua mimi. Nyeupe."

"Na mimi nakaa ndani. Manjano."

"Nyeupe ina nuru."

"Nyeupe inaonyesha uchafu. Tukizaa watoto, kila mmoja ana miguu minne!"

"Manjano itatufanya tuonekane wagonjwa."

"Manjano imechangamka."

"Nyeupe."

"Manjano."

Mwezi ukaisha. Mke alikuwa amekwisha loweka chokaa yake kwenye mtungi nyuma ya nyumba, akaufunika kwa jani la mgomba. Chokaa ikakaa inangoja. Kuta za ndani zikabaki na udongo wao mwekundu. Mke akajifungua watoto wanne, miiba laini kama unyoya, macho hawajafumbua. Hata siku ya kujifungua, kati ya mtoto wa pili na wa tatu, akanyanyua kichwa akasema, "Nyeupe." Na mume, huku analia kwa furaha, akajibu, "Manjano."

Sasa akaja mgeni. Ngiri.

Ngiri ana nguvu, ana shingo nene, ana meno mawili yaliyotoka nje ya mdomo yakajikunja juu. Ngiri hajengi. Ngiri anaingia. Na haingii kama mimi na wewe. Anaingia kinyumenyume: makalio mbele, tumbo katikati, meno mwisho, ili meno yabaki mlangoni yakutazame wewe. Kinyumenyume, kinyumenyume, tup! Amekaa.

Kalunguyeye akarudi kutoka kutafuta mende wa chakula, akayakuta meno mlangoni.

"Bwana Ngiri, samahani, hapa ni kwangu."

"Kwako vipi? Mimi nimo ndani, wewe uko nje. Hebu niambie mgeni ni nani."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kulikuwa na kitu kinachoma choma huko chumbani. Nimekisukumia nje kwa pua."

Kalunguyeye akakimbia nyuma ya nyumba. Akamkuta mkewe amewalaza watoto wanne chini, kando ya ule mtungi wa chokaa, amewafunika kwa lile jani la mgomba. Jani moja, watoto wanne. Na masika yalikuwa mlangoni. Upande wa kusini mawingu yalikuwa meusi ti. Hapa naacha mzaha kidogo, ndugu zangu. Mtoto wa kalunguyeye wa siku sita akilowa mvua ya masika, hafiki asubuhi. Mama yule alijua, na baba yule alijua, na wote wawili waliogopa mpaka wakasahau kubishana.

Kulikuwa na mjumbe wa bonde. Mjumbe alikuwa Korongo, miguu mirefu, shingo ndefu, subira fupi. Na kulikuwa na mila. Mila ya Mtopetope ilikuwa hivi: mgeni anakaribishwa barazani, haendi zaidi ya hapo. Nje kila mtu anaiona, ndani anaijua mwenyewe tu. Kwa hiyo watu wakigombania nyumba, Mjumbe anauliza swali moja: "Ndani ni rangi gani?" Anayejua ndiye mwenye nyumba. Wakijua wote wawili, anayekaa ndani anabaki ndani. Ilikuwa mila nzuri, ila aliyeitunga hakumfikiria mtu asiyepiga hodi.

Ngiri aliijua mila hiyo kuliko aliyeitunga. Nguchiro alinyang'anywa nyumba namna hiyohiyo mwaka uliotangulia. Kalunguyeye akaenda kumwona.

"Mimi nilisema rangi ya majivu," Nguchiro akamwambia. "Na Ngiri naye akasema majivu, maana alikuwa amelala humo siku mbili. Mjumbe akasema wote mmejua, aliye ndani abaki. Sasa naishi kwenye kichuguu cha mchwa. Mchwa wananisimanga kila nikikohoa. Pole sana, ndugu yangu."

Kesi ikapangwa kesho yake, saa nane mchana. Kalunguyeye akarudi kwa mkewe. Akakaa chini. Akautazama ule mtungi. Akautazama muda mrefu.

"Mke wangu," akasema, "nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Nyeupe."

Mkewe akamkodolea macho. "Leo? Watoto wako chini ya jani, ndiyo leo unakubali nyeupe?"

Kalunguyeye akamnong'oneza sikioni. Alichonong'ona sikukisikia, nilikuwa mbali, lakini niliona mkewe anaanza kutabasamu.

Asubuhi ya siku ya kesi, Kalunguyeye akafika mlangoni kwa Ngiri na kibuyu chenye mdomo mwembamba, na brashi ya katani. Akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Bwana mkubwa, hodi."

"Unataka nini, kijipira?"

"Nimeona nyumba haifikii hadhi yako. Nje buluu safi, ndani udongo mtupu. Leo Mjumbe atachungulia, na watu wote wa bonde watakuwepo. Mtu mzito kama wewe, ndani udongo? Nikaona nije nikupakie. Bure."

Neno "bure" Ngiri alilipenda kuliko viazi vitamu. Masikio yakasimama. "Una rangi gani?"

"Chagua wewe, bwana mkubwa."

"Nyeupe sitaki. Nyeupe ya mayai. Manjano sitaki."

"Manjano hutaki?" Kalunguyeye aliuliza, na kwa kweli moyo ulimuuma kidogo.

"Sitaki! Nataka nyekundu. Nyekundu kama hii ya udongo, ila iive zaidi, na ing'ae. Ing'ae hasa!"

"Nyekundu ya kung'aa," akasema Kalunguyeye. "Bwana mkubwa ana jicho."

Akaingia. Akachovya brashi kwenye kibuyu. Akaanza, huku anaimba, na nyinyi mpokee:

*Swa huku, swa kule,*
*ukuta unywe, ukuta ulewe,*
*mchana utasema!*

Kila alipopaka, ukuta ulilowa, na udongo uliolowa ukaiva, ukawa mwekundu zaidi, ukang'aa. Swa! Unang'aa. Swa! Unang'aa.

"Hiyo ndiyo rangi!" Ngiri akanguruma. "Humo kibuyuni umetia nini?"

"Dawa ya kung'arisha, bwana mkubwa."

Kidawa, unaijua dawa hiyo. Ilikuwa chokaa, nyepesi, imezimuliwa kwa maji mengi. Wale ambao hamjawahi kupaka, sikilizeni, nitawaambia na nitajiaibisha mwenyewe kabla Kidawa hajaniaibisha. Chokaa ikiwa mbichi ukutani huioni. Unaona maji tu, unaona ukuta umelowa. Ikianza kukauka ndiyo inatokea, na ikikauka kabisa ni nyeupe pe. Kila fundi anajua. Mimi sikujua. Mwaka mmoja, Idi ikikaribia, nilimwita fundi Mbaruku anipakie sebule chokaa. Akapaka, nikatazama, ukuta uleule. Nikamwambia, "Umenipakia maji, mwizi wewe! Rudia." Akasema, "Bi Mwatime, ngoja ikauke." Nikasema, "Mimi nifundishwe chokaa na wewe? Rudia!" Akarudia. Nikatazama, uleule. Rudia! Yule mtu maskini alirudia mara saba, mara ya saba alikuwa anaomba Mungu kwa sauti. Kulipokucha ukuta ulikuwa na ganda nene kama la muhogo. Na Idi pili likaanza kubanduka, vipande vinadondoka kwenye sinia la pilau la wakwe. Mbaruku mpaka leo akiniona anavuka barabara, na mimi nikimwona natazama chini.

Basi turudi kwa Ngiri, maana yeye na mimi tumesoma chuo kimoja.

Kalunguyeye akamaliza kuta zote. Akasema, "Bwana mkubwa, rangi mbichi hiyo. Ukikaa ndani utaipangusa kwa ubavu, nyekundu yote ikutoke mkononi. Toka ukae barazani. Na tafadhali, mkia usiguse ukuta."

"Nikitoka utaingia wewe!"

"Kaa hapohapo mlangoni basi. Uuzibe mlango kwa mgongo wako. Nani atapita?"

Ngiri akaona ni wazo zuri. Akatoka, akaketi kwenye kizingiti, mgongo ndani, meno nje, kama alivyozoea. Mlango ukazibwa, ukabaki upenyo juu tu. Na nyuma ya mgongo wake ukuta ukaanza kunywa maji yake polepole.

Polepole mno. Jua halikuwepo. Mawingu yalikuwa yamekwisha fika juu ya bonde, hewa nzito, na chokaa kwenye hewa kama hiyo haina haraka. Saa sita, ukuta mwekundu. Saa saba, mwekundu. Mke wa Kalunguyeye alikuwa nyuma ya nyumba, anachungulia kwenye dirisha dogo, jicho moja kwenye ukuta, jicho moja kwa watoto. Walikuwa wamekubaliana hivi: ukuta ukigeuka mweupe, atakuja mbele asimame kando ya baraza. Asipoonekana, mume aendelee kusema chochote.

Saa nane ikafika. Bonde zima likajaa mbele ya nyumba. Korongo akaja kwa hatua tatu ndefu, akanyoosha shingo, akasema, "Haraka. Mvua inakuja, na mimi miguu yangu haivumilii baridi. Swali ni moja..."

Kalunguyeye akatazama kando ya baraza. Mke hayupo.

"Mjumbe!" akapaza sauti. "Kabla ya swali, naomba nikiri makosa yangu."

"Makosa gani?"

"Yote."

"Mwache akiri!" Ngiri akachekelea. "Akiri kwanza, ndipo nimshinde!"

Kalunguyeye akasimama juu ya jiwe ili aonekane. "Ndugu zangu, mimi ni mjinga. Nyumba hii nilianza kuijenga kwa mlango. Nilisimamisha mlango kabla ya kuta. Nikaufunga kwa komeo. Kisha nikakaa nje nikilia kwamba siwezi kuingia, na hakukuwa na ukuta hata mmoja."

Watu wakacheka. Ngiri akasema, "Kweli kabisa! Endelea!"

Kalunguyeye akatazama kando. Mke hayupo.

"Mimi nilipaka viraka vya rangi zote ukutani. Mke wangu alikwenda kwa mama yake. Aliporudi akaipita nyumba yake, akarudi akaipita tena. Mara ya tatu akanisalimu, 'Hujambo bwana, unamfahamu Kalunguyeye?' Na mimi, kwa aibu, nikasema simfahamu."

Watu wakashika mbavu. Nyani akaanguka. Ngiri akapiga kwato chini, "Mpumbavu! Endelea!"

Mke hayupo.

"Mimi nilitaka kujua manjano inakaaje. Nikajipaka manjano ya mchuzi tumboni. Majirani wakadhani ni homa. Wakaniletea uji. Nikaona haya kusema ni rangi tu. Nikalala kitandani siku tatu nakunywa uji wa watu, na siku ya tatu nikaanza kuumwa kweli."

"Ule uji wangu!" Kanga akapiga kelele. "Ule uji nilitia karanga!"

Mke hayupo. Tone la kwanza la mvua likaanguka, to! Kalunguyeye alilisikia. Nyuma ya nyumba watoto wake wanne walikuwa chini ya jani moja. Sauti ikamtetemeka, na watu wakadhani ni majuto. Tone la pili, to! Akasema alivyoogopa kivuli chake. Akasema anavyojikunja akishindwa hoja na mkewe, na mara moja alibaki amejikunja siku nzima kwa sababu hoja ilikuwa ngumu. Makosa yakamwishia. Angekuwa na mimi karibu ningempa ya kwangu, ninayo ya kutosha kesi tatu.

Akashuka kwenye jiwe.

"Umemaliza?" akauliza Korongo.

Kalunguyeye akatazama kando ya baraza. Mkewe alikuwa amesimama pale, watoto wanne amewakumbatia tumboni, amelowa mabega, na amejaa tabasamu.

"Nimemaliza, Mjumbe. Uliza."

"Ndani ya nyumba hii ni rangi gani? Nani anaanza?"

"Mkubwa atangulie," akasema Kalunguyeye.

"Mimi!" Ngiri akapanua kifua. "Ndani ni nyekundu! Nyekundu iliyoiva, inang'aa! Babu yangu aliipaka kwa mkono wake, mimi nimezaliwa ndani ya nyekundu hiyo!"

"Na wewe?"

"Nyeupe," akasema Kalunguyeye.

Ngiri akacheka mpaka meno yakagongana. Korongo akasogea. Akanyoosha shingo yake, akaipitisha juu ya mgongo wa Ngiri, akachungulia ndani. Akairudisha. Akapepesa macho. Akaipeleka tena.

"Nyeupe," akasema Korongo. "Nyeupe pe. Mpaka macho yananiuma."

"Mwongo!" Ngiri akaruka, akageuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaingia nyumbani kichwa mbele. Kichwa, shingo, tumbo. Akaona. Akasimama hapo, kichwa sebuleni, amefungua mdomo, ukuta mweupe huku, mweupe kule, kama vile amemezwa na yai.

Na nje ya mlango yakabaki makalio. Watu wa Mtopetope hawakuwahi kuyaona makalio ya Ngiri bila meno mbele yake. Wakayatazama. Nguchiro akatangulia, akauma. "Mchwa wananisimanga!" akasema, akauma tena. Kisha Kalunguyeye akajikunja akawa mpira, akabingirika, biri biri biri, chwa! Miiba yote.

"Yalaaa! Mama yangu!"

Ngiri akatoka kwa kasi, na katika mambo yote aliyoambiwa asubuhi ile likamjia moja tu: mkia usiguse ukuta. Akausimamisha mkia wima, juu kabisa, akakimbia hivyo mbele ya bonde zima mpaka akapotea vichakani. Ndiyo maana hata leo ngiri akikimbia mkia unasimama juu. Anaogopa rangi mbichi.

Mvua ikamwagika, shaaa! Mama Kalunguyeye akawa amekwisha ingia. Akawalaza watoto katikati ya chumba cha wageni, pakavu, akawapangusa mmoja mmoja. Mmoja alipiga chafya, basi. Kalunguyeye akakaa pembeni, akawahesabu, wanne, akawahesabu tena, wanne, akalia. Alilia kwa sauti na hakujikunja.

Mkewe akatazama kuta. "Nyeupe," akasema.

"Niliichagua mimi," akajibu Kalunguyeye huku anajifuta pua.

Mkewe akamwachia ushindi. Siku hiyo alimwachia.

"Ngano yangu imekauka!"

"Imekauka!"

"Mkiigusa?"

"Haichafui!"

Unasemaje, Kidawa? Funzo? Lipo funzo, nimelifikiria tangu asubuhi nikipukuchua kunde hizi. Funzo ni hili: mume na mke wakishindwa kukubaliana rangi ya ndani, wasijisumbue kuzungumza. Wangoje mwizi. Mwizi akija akawatoa nje na watoto wao, rangi itapatikana siku hiyohiyo, tena kwa mapenzi. Msicheke. Mimi na kaka yako, Kidawa, tuna miaka thelathini na miwili katika chumba kile cha kulala, na mpaka leo hakijapakwa kitu, kwa sababu yeye anataka kijani na mimi sitaki kumpa raha hiyo. Kila usiku tunalala tunatazama saruji. Tunangoja mwizi, na mwizi naye haji.